Dini kuu zilivyoanza, makundi potovu yanavyoendeshwa: ukialikwa, linganisha nini?

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, mazungumzo ya dini hapa kwetu hayakosi hoja mbili. Ya kwanza ni ya waumini: dini yetu ni ya Mungu, wale walikuwa matapeli, hakuna cha kulinganisha. Ya pili ni ya waliochoshwa na dini: zote ni baba mmoja mama mmoja, tofauti ni umri tu, kundi likidumu miaka elfu moja linapandishwa cheo na kuitwa dini.

Mwenye uamuzi wa kufanya hasaidiwi na yoyote kati ya hizo. Waliohamia Shakahola nao waliamini kwamba njia yao ndiyo ya Mungu na wengine wote wamepotea, kwa hiyo hoja ya kwanza haikuwazuia kuingia msituni. Na mama ambaye binti yake ameacha chuo, ameuza simu na sasa analala kwenye kambi ya maombi, ukimwambia kwamba dini zote ni ulaghai hujampa cha kushika. Yeye anataka kujua kama mwanawe ameokoka au ametekwa. Kwa mtu wa nje hali hizo mbili hufanana sana.

Nimeuandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: aliyealikwa kwenye ushirika mpya, au mwenye jamaa aliyekwisha kuingia. Upande mmoja naweka mwanzo wa Ubudha, Ukristo na Uislamu kama unavyosimuliwa na maandiko yao wenyewe. Upande wa pili naweka makundi yaliyoishia pabaya: Peoples Temple ya Jim Jones kule Guyana (1978), Branch Davidian wa Waco, Texas (1993), Aum Shinrikyo ya Japani (1995), kundi la Kanungu nchini Uganda (2000) na Shakahola. Mizani haijakaa sawa kabisa, kwani habari za upande wa kwanza ziliandikwa na waumini, na za upande wa pili ziliandikwa na polisi, mahakama na walionusurika. Ndiyo maana silinganishi miujiza. Nalinganisha masharti: kila upande ulimwekea kiongozi wake mipaka gani, na pesa, na mwili, na mlango wa kutokea.

## Vigezo vya kutupa kwanza

Vigezo vingi tunavyotumia kumtambua nabii wa uongo vingewaangusha manabii wote. Kiongozi mmoja mwenye mvuto, aliyefunuliwa jambo ambalo wengine hawakufunuliwa? Zote zilianza hivyo. Kuacha familia? Siddhartha Gautama, ambaye baadaye aliitwa Buddha, alitoka nyumbani usiku akamwacha mkewe Yasodhara na mwanawe Rahula angali mchanga. Katika Luka 14:26 Yesu anasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake. Mchungaji atakueleza kwamba maana yake ni kumpenda Yesu kuliko wazazi, na huenda ni kweli, lakini mzee Zebedayo, aliyebaki chomboni na nyavu huku wanawe wawili wakiondoka, hakuwa na mchungaji wa kumfafanulia. Kule Makka, moja ya tuhuma za Makureshi ilikuwa kwamba Muhammad (S.A.W.) anamtenga mtu na baba yake na mkewe.

Kuuza mali na kuishi kwa pamoja? Soma Matendo ya Mitume sura ya 4. Kuhubiri kwamba mwisho umekaribia? Barua za Paulo hazijifichi. Kudharauliwa na wakubwa? Tacitus, mwanahistoria wa Roma, aliuita Ukristo ushirikina wenye madhara. Yapata mwaka 112 gavana Plinio Mdogo alimwandikia Kaisari Trajan kwamba amewatesa wajakazi wawili waliokuwa na huduma kanisani ili apate ukweli, asikute lolote ila ushirikina uliovuka mpaka. Kwa macho ya ofisi yake, Wakristo walikuwa kundi potovu.

Amri ya serikali nayo si kipimo. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya kijijini Nkamba, Kongo ya Chini, Aprili 1921. Watu waliacha kazi wakamiminika kwake, Wabelgiji wakaingiwa na hofu, na kufikia Oktoba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ilikuwa imemhukumu kifo. Mfalme Albert aliibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951, baada ya miaka 30. Mafundisho yaliyomponza yalikuwa kuacha hirizi, kuoa mke mmoja na kutoshiriki ngoma. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Sasa mgeuzie macho Jim Jones. Katika miaka ya 1950, Marekani ikiwa bado imetenganisha weusi na weupe, yeye alifungua kanisa Indianapolis ambalo wote walikaa benchi moja. Alilisha maskini. Mwaka 1976 aliteuliwa kwenye tume ya nyumba ya jiji la San Francisco, kisha akawa mwenyekiti wake, na wanasiasa walimtafuta kwa kura zake. Kama ungepima kwa sifa njema na picha alizopiga na wakubwa, ungemchagua Jones ukamwacha Kimbangu. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Novemba 1978, watu 918 walikufa kwa siku moja, zaidi ya 300 kati yao wakiwa watoto.

Kwa hiyo ugeni, uchache, mvuto, dhihaka za watu na hata polisi mlangoni viweke kando. Havikwambii kitu.

## Nani anaweza kumwambia kiongozi "hapana"

Hapa ndipo pande mbili zinapoanza kuachana, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa siku aliyofariki Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume Muhammad, kule Madina. Jua lilipatwa siku hiyohiyo. Watu wakasema hata mbingu zimeomboleza. Hebu fikiri ni fursa ya namna gani hiyo kwa mtu anayetaka kuabudiwa. Hakuhitaji hata kusema uongo, angenyamaza tu. Mtume akasimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote.

Yako na mengine. Aliwahi kutoa maoni kuhusu kuchavusha mitende, wakulima wakamfuata, mavuno yakapungua. Akawaambia wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Sura ya 80 ya Qurani inaanza kwa kumlaumu yeye mwenyewe kwa kumkunjia uso kipofu aliyemjia, na lawama hiyo husomwa msikitini mpaka leo. Na alipofariki mwaka 632, Abu Bakr aliwaambia watu kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad ajue Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mungu ajue Mungu yu hai. Masimulizi ya Kiislamu yanaongeza kwamba, aliposhika uongozi, Abu Bakr aliomba asaidiwe akifanya vyema na anyoshwe akikosea.

Kwa Wakristo, nenda Wagalatia sura ya 2. Petro, kiongozi wa mitume, alikuwa akila na watu wa mataifa kule Antiokia, kisha akajitenga nao alipoona wenye msimamo mkali wamefika. Paulo alimkabili uso kwa uso mbele ya wote. Aliyekosolewa hakumfukuza aliyemkosoa, na barua yenye aibu hiyo haikuchomwa, iliwekwa kwenye Maandiko Matakatifu. Kwa Buddha, watu wa ukoo wa Kalama walipolalamika kwamba kila mwalimu anayepita anawaponda wenzake, aliwajibu wasikubali jambo kwa sababu ni desturi, au liko kwenye maandiko, au kwa kuwa msemaji ni mwalimu wao. Karibu na kufa alikataa kumteua mrithi.

Upande wa pili ukoje? Huko Waco, kiongozi wa Branch Davidian, David Koresh, alitangaza mwaka 1989 kwamba wake wote wa kundi ni wake yeye, na waume wao wajizuie. Waume wakajizuia. Kule Japani wafuasi wa Shoko Asahara, kiongozi wa Aum, walinunua maji aliyoogea ili wayanywe. Wakili Tsutsumi Sakamoto, aliyekuwa akizisimamia familia zilizotaka watoto wao warudi, aliuawa na watu wa Aum yeye, mkewe na mtoto wao mchanga mwezi Novemba 1989, miaka mitano na zaidi kabla kundi hilo halijamwaga gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo. Jones alipiga hotuba kwa vipaza sauti kambini, mchana na hata usiku.

Katika makundi haya huwezi kupata kisa kimoja ambacho kiongozi alikosolewa na mfuasi, akakubali, na kisa hicho kikahifadhiwa ili vizazi vijavyo vikisome. Ukialikwa mahali, muulize aliyekualika swali hilo moja: mchungaji, shehe au mtume wenu alikosea lini, na nani alimwambia? Asiyekuwa na jibu huenda ni mgeni. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

## Pesa

Habari ya Anania na Safira, walioanguka wakafa baada ya kuficha sehemu ya bei ya kiwanja chao, ndiyo kipenzi cha manabii wa leo wanaotaka watu walete hati za nyumba madhabahuni. Wengi huruka Matendo 5:4, ambapo Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa mali yake, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa chini ya uwezo wake. Kosa lilikuwa uongo. Kutoa hakukuwa sharti.

Paulo alijitafutia riziki kwa kushona mahema. Alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake, bali alisafiri na mtu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu kuhusu fedha hizo (2 Wakorintho 8). Kwa lugha ya leo, alitaka ukaguzi wa hesabu. Na kuna kitabu kidogo cha kanisa la mwanzo kiitwacho Didache, chenye sheria ambayo ingefunga vipindi vingi vya televisheni Jumapili asubuhi: mtume akifika apokewe, asikae zaidi ya siku mbili, akikaa tatu ni nabii wa uongo, akiondoka apewe mkate wa njiani tu, akiomba fedha ni nabii wa uongo.

Uislamu ulifunga mlango huo kwa kufuli. Zaka ni faradhi, lakini Mtume na jamaa zake wameharamishiwa kuila. Mjukuu wake Hasan, angali mtoto mdogo, alipookota tende moja ya sadaka akaitia mdomoni, babu yake alimtemesha. Watawa wa Buddha nao kanuni zao zinawakataza kupokea dhahabu na fedha.

Najua fika kwamba warithi wa hao wote hawakubaki maskini. Makanisa yalimiliki mashamba makubwa, mahekalu yakajaa dhahabu, na watawala waliotumia jina la dini walijenga majumba. Ila kanuni ilibaki imeandikwa, na kila kizazi kimepata mtu wa kuinyanyua na kuwaonyesha wakubwa. Kanungu haikuwa na cha kunyanyua. Waumini waliuza mashamba na ng'ombe, fedha ikaenda kwa viongozi wao, Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wenzao, basi. Huko Peoples Temple wazee walisalimisha hundi zao za kustaafu kila mwezi.

Fungu la kumi peke yake halikupi jibu. Watu wamelitoa karne nyingi na kubaki wazima. Tazama kiwango kinachokufanya ushindwe kuondoka. Mtu aliyeuza nyumba hana pa kurudi, na mara nyingi hilo ndilo lengo la kumwambia aiuze. Mafuta ya upako yanayouzwa chupa hadi chupa ni biashara mbaya, lakini anayeyanunua bado analala kwake.

## Mwili, njaa na dawa

Kila dini kubwa inajua kufunga, na kila moja iliwahi kupata watu waliotaka kuvuka mpaka. Buddha alikuwa mmoja wao. Alijinyima chakula hadi mbavu zikahesabika, akaona hafiki popote, akapokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata. Wenzake watano wakamwacha wakidhani amelegea. Kutoka hapo likazaliwa fundisho lake la njia ya kati.

Madina, Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume alimkataza, akamwambia mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe. Wanaume watatu walipojisifu, mmoja kwamba hataacha kufunga, mmoja kwamba hatalala, mmoja kwamba hataoa, aliwajibu kwamba yeye anafunga na kufungua, anasali na kulala, na anaoa. Asiyetaka mwendo wake si wake. Ramadhani yenyewe ina ruhusa za mgonjwa, msafiri, mjamzito na anayenyonyesha. Paulo naye, aliyeandamana na Luka tabibu, anamwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Ni ushauri wa kawaida mno, na ndiyo maana nauamini.

Shakahola ilikwenda upande wa pili wa barabara hii. Paul Mackenzie, aliyeanzisha kanisa la Good News International Malindi mwaka 2003, alihubiri miaka mingi dhidi ya shule na hospitali, na dhidi ya Huduma Namba, usajili wa utambulisho wa serikali ya Kenya, akiihusisha na alama ya mnyama. Upande wa mashtaka unasema watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu, kukiwa na utaratibu ambao watoto walitangulia. Mackenzie amekana mashtaka. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya waliokufa, wakiwemo watoto, walinyongwa au kupigwa. Njaa haikuwa na kasi ya kutosha.

Mtoto hawezi kuchagua kufunga. Ukiona kundi lolote, la dini mpya au ya kale, linamfungisha mtoto asiye na uwezo, au linamwambia mwenye ugonjwa wa kisukari atupe insulini na anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI aziache, huhitaji kusoma sehemu iliyobaki ya ulinganisho huu. Ondoka, na umtoe mtoto.

## Siku utabiri unapoanguka

Hili ni jaribio zuri, ila linachukua muda. Wathesalonike waliamini mwisho u karibu kiasi kwamba baadhi yao waliacha kazi. Paulo, ambaye ndiye aliyewafundisha kusubiri, aliwaandikia warudi kazini wale chakula chao wenyewe. Hakuwaambia wauze vitu.

Mwaka 1844 makumi ya maelfu ya Wamarekani waliokuwa wakimsikiliza William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti, walikesha wakimsubiri Yesu tarehe 22 Oktoba. Kukapambazuka. Wengine hawakuwa wamevuna mashamba yao. Miller alikubali kwa maandishi kwamba hesabu yake ilikosea, na watu wakaenda njia zao. Wengine walirudi makanisani kwao, wengine waliachana na dini, na wachache walioendelea kuchunguza waliunda Kanisa la Waadventista wa Sabato mwaka 1863. Hawa ndio Wasabato wetu, wenye hospitali Kendu Bay na Heri, Kigoma, na shule zisizohesabika. Utabiri uliovunjika ulizaa watu wanaosisitiza chakula bora na matibabu.

Kutoka shina hilohilo lakini, kwa tawi lililotengwa na kanisa katika miaka ya 1930, ndiko walikotokea Branch Davidian wa Koresh. Walizingirwa na polisi wa shirikisho kwa siku 51, na tarehe 19 Aprili 1993 moto ukawaua watu zaidi ya 70. Serikali nayo ilibeba lawama zake katika kisa kile. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba asili moja, kitabu kimoja na Sabato moja vilifika mahali pawili tofauti kabisa. Mwanzo haukuamua.

Linganisha sasa Miller na Kanungu. Kibwetere na wenzake, waliokuwa Wakatoliki wenye bidii, walitangaza kwamba dunia ingeisha tarehe 31 Desemba 1999. Januari ilifika kama kawaida. Waumini waliokwisha kuuza kila kitu wakaanza kudai mali zao, jambo la haki kabisa. Viongozi wakatoa tarehe mpya. Kukawa na karamu ya nyama na soda, na tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake vilipigiliwa misumari. Baadaye mamia wengine walikutwa wamezikwa kwenye mashimo katika nyumba za viongozi, wengi wao wakiwa wamekufa kabla ya ule moto. Miller aliposhindwa alikubali hasara ya heshima yake. Kanungu hasara ililipwa na wadai.

## Mlango wa kutokea

Katika Yohana sura ya 6, mafundisho ya Yesu yanawashinda wengi, wanarudi nyuma. Anawageukia wale kumi na wawili na kuwauliza kama nao wanataka kuondoka. Hakumfuata mtu nyumbani usiku. Dema alipomwacha Paulo akaenda Thesalonike, Paulo alisikitika na kuandika hivyo, hakufanya zaidi. Mtawa wa Buddha akitaka kuvua joho hulivua na kurudi kwao.

Kwenye kipimo hiki dini kuu hazitoki safi, na ulinganisho ukificha hilo haufai. Zikishapata dola, mlango huwa mzito. Mwaka 380 Kaisari Theodosius aliufanya Ukristo wa Nikea kuwa dini rasmi ya dola yake, na kama miaka mitano tu baadaye askofu Priscillian wa Hispania aliuawa Trier kwa hukumu ya mtawala Mkristo. Mara baada ya Mtume kufariki makabila yaliyojitoa yalipigwa vita, na wanazuoni wanabishana hadi leo kama sababu ilikuwa imani au uasi dhidi ya utawala. Zipo nchi ambazo kubadili dini bado ni jinai. Mwenye kusema "dini yetu ni kongwe, kwa hiyo ni salama" aende polepole.

Hata hivyo Jonestown, kambi ya Jim Jones kule Guyana, ni kitu kingine. Ilikuwa msituni, mbali na mji, hati za kusafiria zilishikwa na uongozi, barua zilisomwa kabla ya kutumwa. Mbunge Leo Ryan alipofika kukagua, watu walimpenyezea vikaratasi wakiomba kutoka naye. Wachache walipoondoka naye hadi uwanja wa ndege wa Port Kaituma, walifuatwa na bunduki. Ryan na wengine wanne waliuawa, na jioni hiyo sumu ikagawiwa kambini. Kundi la watu karibu elfu moja halikuweza kuvumilia kuondokewa na watu kumi na kitu.

## Kwa wale walioko katikati

Makundi mengi utakayoalikwa si Jonestown wala si mwanzo wa dini ya dunia. Yapo katikati, na hubadilika. Wamormoni walipoanza, nabii wao Joseph Smith aliagiza mtambo wa gazeti la waliomkosoa uvunjwe, mwaka 1844. Leo wana waumini zaidi ya milioni 17, na ndoa za wake wengi waliziacha rasmi mwaka 1890. Upande mwingine, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, mwaka 2011 alivuta maelfu kwa maelfu kijijini Samunge kwa kikombe cha shilingi 500. Wapo waliokufa foleni, wapo walioacha dawa zao, na madhara hayo si madogo. Lakini Babu hakuunda kundi. Ulikunywa, ukapanda gari, ukarudi kwenu, hukuulizwa uko wapi Jumapili ijayo. Kosa la tiba ni tofauti na utekaji, na jamaa yako akiwa kwenye moja usimtibu kama yuko kwenye lingine.

Kumbuka pia kwamba kundi potovu linaweza kuketi ndani ya dini kubwa. Kanungu ilianzia kwa Wakatoliki. Usipime "Ukristo" au "Uislamu". Pima nyumba hiyohiyo uliyoalikwa, msikiti huo, zawia hiyo, kwaya hiyo.

Kama bado unasita, fanya mambo matatu kabla ya kutoa jina lako. Kosa ibada mara mbili mfululizo bila kuaga, uone kama utajuliwa hali au utatishwa. Waambie utakwenda kumuuliza daktari, au mchungaji mwingine, au mjomba wako, uone nyuso zao. Kisha omba kuona hesabu za mwaka uliopita. Usiridhike na cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani. Kanisa la Mackenzie lilikuwa limesajiliwa, kundi la Kanungu lilikuwa na usajili wa shirika lisilo la kiserikali, na Aum Shinrikyo ilitambuliwa rasmi kama shirika la dini Agosti 1989, chini ya miezi mitatu kabla ya kumuua wakili Sakamoto na familia yake.